Kukagua picha zako za majengo maarufu baada ya kuzihariri: mwongozo kamili

Picha ya jengo maarufu ina mahakimu ambao picha ya ua au ya mlima wa mbali haina: watu wanaopita mbele ya jengo hilo kila siku. Mkazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, anajua jua la Forodhani huzama upande gani. Kondakta wa matatu anayeshusha abiria katikati ya Nairobi anajua KICC, lile jumba refu la mikutano, ina rangi ya udongo uliochomwa, si rangi ya chungwa bivu. Hawa hawahitaji kujua lolote kuhusu kamera. Wataitazama picha yako, watasema "hii imechezewa", na watapita.

Ndiyo maana ukaguzi wa picha ya aina hii hauanzii kwenye chenga (punje punje zinazotia madoa kwenye picha) wala ukali wa fokasi. Unaanzia mahali penyewe, unakwenda kwenye mistari ya jengo, kisha mwanga, rangi na kingo, na unamalizikia kwenye faili unayoituma. Ukivuruga mpangilio huo utafanya kazi mara mbili: hakuna faida ya kusafisha chenga kwenye anga ambalo baadaye utagundua halifai kuwepo.

Andaa jicho na skrini

Usikague usiku uleule uliohariri. Ukivuta vitelezi vya rangi kwa nusu saa, jicho huzoea ukali na kuuona ndiyo hali ya kawaida. Iache picha ilale siku moja, mbili zikiwezekana. Mteja akikubana, toka nje robo saa, tazama vitu vya mbali, kisha rudi.

Skrini nayo hudanganya. Zima hali ya usiku inayoleta umanjano, na uzime mwangaza unaojibadilisha wenyewe. Kwenye simu nyingi kuna mpangilio wa rangi kali na wa rangi asilia. Chagua asilia, la sivyo utapunguza rangi ambazo hukuziongeza wewe. Mwenye kifaa cha kupima skrini aweke weupe kwenye kelvini 6500, gama 2.2, na mwangaza wa kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba; kwa picha za kuchapisha ashuke hadi 80 au 100. Asiye na kifaa afungue ukurasa mweupe mtupu, ashike karatasi nyeupe kando ya skrini ndani ya chumba chenye mwanga wa kawaida, apunguze mwangaza mpaka viwili hivyo vikaribiane. Kwenye kompyuta mpakato nyingi utajikuta karibu na nusu ya mwangaza wote, na utashangaa picha zako zilivyo nyeusi. Ndivyo zilivyokuwa siku zote. Skrini ilikuwa inazimulika.

Mandhari ya programu yawe ya kijivu cha kati. Mandhari meusi huifanya picha ionekane angavu kuliko ilivyo, na wengi wanaohariri kwenye weusi hutoa picha zilizozama gizani.

Halafu andaa nakala tatu: ya kwanza haina kitu zaidi ya mwanga uliosawazishwa, ya pili ndiyo uliyoihariri, ya tatu ni hiyohiyo uliyoihariri ikiwa imeondolewa rangi. Chukua na karatasi. Kila kasoro iandike kwa mahali na dawa yake, kwa mfano "ukingo mweupe juu ya paa, kushoto, punguza ung'avu". Neno "mbaya" peke yake halitakusaidia kesho.

Itazame ikiwa ndogo

Punguza picha mpaka upana wa pikseli 200 hivi, uitazame katikati ya picha nyingine kwa sekunde chache tu. Jengo linatambulika? Jicho limekimbilia wapi kwanza? Likikimbilia wingu lililoungua, yaani lililozidiwa na mwanga likabaki weupe mtupu, au bajaji nyekundu pembeni, hariri yako imeinua kitu kisichohusika. Sanamu ya Askari pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, ni mfano mzuri: ni shaba nyeusi nyeusi mbele ya majengo ya vioo, na ukiinua mwanga wa picha nzima vioo ndivyo vinavyokuwa mhusika mkuu. Kwenye nakala isiyo na rangi utaliona hilo bila ubishi, kwa sababu sanamu na jengo la nyuma yake huwa kijivu kimoja.

Kisha igeuze picha kushoto-kulia, kama kwenye kioo. Macho yaliyozoea picha huiona upya, na uzito ulioegemea upande mmoja hujitokeza. Irudishe mara moja ukimaliza. Picha iliyosahaulika ikiwa imegeuzwa ni aibu ya kipekee kwa jengo maarufu: maandishi yanasomeka kinyume, na sanamu inashika silaha kwa mkono usio wake.

Je, mahali pamebaki kuwa penyewe?

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayowaudhi wenyeji. Programu za siku hizi hubadilisha anga kwa kugusa mara moja, lakini hazijui ulisimama wapi. Wewe unajua. Fungua ramani ya simu, tia alama uliposimama, chora mstari kuelekea ulikoelekeza lenzi.

Ukiwa Uhuru Park unayatazama majengo ya katikati ya Nairobi, umeelekea mashariki. Jioni jua liko mgongoni kwako na linayapiga majengo usoni. Picha kutoka hapo yenye jua linalozama nyuma ya KICC inasema jua limezama mashariki. Forodhani ni vilevile: bustani iko upande wa magharibi wa Mji Mkongwe, na anayesimama ndani yake akiitazama Ngome Kongwe ameipa bahari mgongo. Machweo yako nyuma yake. Ukiyaweka nyuma ya ngome, hata mtoto anayeogelea pale kila jioni atakuuliza. Kwa Fort Jesus ya Mombasa, upande wa bahari unatazama mashariki, kwa hiyo ukuta huo hupata jua la asubuhi; ukiuonyesha ukiwa umejaa mwanga wa dhahabu wa jioni, umeuchora.

Tazama vivuli pia. Nairobi iko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta, na katikati ya mchana jua linakaribia utosini miezi mingi. Kivuli cha baraza huanguka wima ukutani na cha mtu hujikunja miguuni pake. Ukiweka anga la machweo juu ya vivuli hivyo vya saa sita mchana, picha inakuwa na saa mbili kwa wakati mmoja. Kasoro hii haitibiki kwa kuongeza umanjano. Rudisha anga lake, au nenda upige tena saa kumi na mbili jioni. Majira nayo yana ushahidi: tarehe 21 Juni jua la adhuhuri Nairobi liko nyuzi kama 25 upande wa kaskazini wa utosi, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hauwezi kuwaka kwa jua la moja kwa moja saa hiyo.

Mwezi wa kubandika hutambulika kwa mambo mawili. La kwanza ni ukubwa. Mwezi una upana wa takriban nusu nyuzi. Kwa lenzi ya mm 24 kwenye kamera ya fremu kamili (kihisi chenye upana wa mm 36), unachukua karibu pikseli 36 tu kwenye picha yenye upana wa pikseli 6000. Ukiona mwezi wa pikseli 400 juu ya mnara uliopigwa kwa lenzi pana, umebandikwa. La pili ni mlalo. Kwetu karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala kama mtumbwi, pembe zikitazama juu. Mwezi mwandamo uliosimama wima kama mabano umetoka kwenye picha za nchi za mbali kaskazini au kusini.

Ikiwa ulibadilisha anga na unaona bado linafaa, lazima lifuatwe chini. Maji ya bandari yaakisi rangi ya anga jipya. Vioo vya majengo vivyo hivyo. Sehemu za juu za magari, lami iliyolowa, kofia ya sanamu, vyote huvuta rangi kutoka juu. Anga la zambarau juu ya maji ya kijivu huvunja picha hata kama ukingo wa paa umekatwa vizuri kabisa.

Kisha hesabu. Weka nakala ya kwanza na ya pili kando kwa kando kwa asilimia 100, pita ghorofa kwa ghorofa, hesabu madirisha, matao, nguzo, ngazi. Programu inayojaza sehemu iliyofutwa kwa akili bandia huongeza dirisha au hupunguza nguzo bila kukuambia. KICC ina ghorofa 28 na urefu wa mita 105, na mistari yake ya wima inajirudia mno. Ukifuta basi lililopita mbele yake, mara nyingi mistari hiyo hurudi ikiwa imekosana kwa pikseli chache. Kwenye maandishi ni hatari zaidi. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 ina maandishi kwenye msingi wake. Ukifuta mtu aliyesimama mbele, programu huchora kitu chenye sura ya herufi ambacho si herufi za lugha yoyote. Soma kila neno lililo ndani ya fremu, mpaka mabango ya maduka na namba za magari. Uso wa saa ya mnara nao usomwe: namba ziko 12, na mishale ni miwili.

Swali la nini kinaruhusiwa kuondolewa halina jibu moja, lakini kipimo chetu kimetufaa: kitu kinachoweza kuondoka chenyewe ndani ya siku moja (gari, takataka, mpita njia aliyekatwa nusu ukingoni) unaweza kukifuta, kilichojengwa kiache. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Picha iliyopigwa likiwa limebomoka, lakini inayolionyesha likiwa zima, ni uongo kuhusu tukio ambalo Zanzibar nzima inalikumbuka, hata kama nia ilikuwa kufuta jukwaa la mafundi tu. Ukitaka kulionyesha zima, tumia picha ya zamani na uandike mwaka wake. Na kama picha inakwenda gazetini au kwenye shindano, hata takataka usiguse kabla ya kusoma masharti.

Mistari ya jengo

Washa gridi. Anza na mstari wa maji au msingi wa jengo, ila ujue kwamba msingi unaoonekana kwa pembe hauwi mlalo. Ukiulazimisha utalipindua jengo lote. Upeo wa bahari ndio usio na udhuru: lazima ulale sawa, na nusu nyuzi tu inaonekana. Ukuta au nguzo iliyo karibu na katikati ya fremu ndiyo kipimo bora cha wima.

Majengo marefu yaliyopigwa kutoka karibu hulala nyuma. Ukisimama mita 60 kutoka KICC, kilele kiko nyuzi 60 juu ya usawa wa macho, na lazima uinamishe kamera sana kwenda juu. Kulinyoosha jengo hilo kabisa kwenye programu kutavuta sehemu ya juu kama mpira: kilele kitanenepa na chenga zake zitakua. Ukisimama mita 150, pembe inashuka hadi nyuzi 35 hivi, na lenzi ya mm 24 ikishikwa wima inakiona kilele hata kamera ikiwa imetulia sawa bila kuinamishwa. Kipande cha chini chenye lami tupu unakikata. Kwa hiyo unapoona kwenye ukaguzi kwamba unyooshaji umeharibu kilele, tatizo halipo kwenye kitelezi. Lipo kwenye miguu yako.

Kipimo cha unyooshaji uliozidi ni hiki: pima upana wa jengo chini na juu kwa pikseli. Jengo lililo sawa kwa ujenzi likiwa pana juu kuliko chini, umevuka mpaka. Watu wengi huridhika zaidi na unyooshaji wa asilimia 80 hadi 90, kwa sababu jicho linatarajia jengo refu lipungue kidogo kuelekea juu. Lakini usinyooshe kilichojengwa kikiwa kimelala. Kuta za ngome huinamia ndani kidogo kadiri zinavyopanda, na Pembe za Ndovu za Moi Avenue, Mombasa, hazina mstari hata mmoja ulionyooka. Hapo tumia nguzo za taa au majengo ya nyuma.

Unyooshaji pia hurefusha picha nzima. Tafuta kitu cha duara: uso wa saa, gurudumu la gari lililotazamana nawe ubavu, alama ya barabarani. Pima upana na kimo chake. Tofauti ikizidi asilimia 5, rekebisha uwiano wa picha mpaka duara lirudi kuwa duara. Usipofanya hivyo utakuwa na bajaji nyembamba na watu warefu kama milingoti.

Mwanga

Fungua histogramu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa picha kutoka giza (kushoto) hadi weupe (kulia), lakini usiiabudu. Picha ya usiku ya daraja lazima ijazane kushoto, na kuta za chokaa za Mji Mkongwe lazima zisogee kulia. Unachokitafuta ni grafu iliyogonga ukingo wa mwisho. Kwenye programu ya Lightroom bonyeza J upande wa kuhariri. Vilivyoungua vitawaka vyekundu na vilivyozama gizani vitakuwa vya buluu. Vinavyoruhusiwa kuungua ni jua lenyewe, taa, na mmeto wa chuma au kioo. Ukuta, kanzu, bendera na mawingu yenye umbo, hapana. Pitisha kishale juu ya ukuta mweupe uliopigwa jua: asilimia 92 hadi 96 ni nzuri, kwani bado unaona mikwaruzo ya lipu. Ikifika 99 ukuta umekuwa karatasi.

Upande wa giza, kosa kubwa siku hizi ni kuinua vivuli kupita kiasi. Mlango wa nakshi ndani ya baraza ukionekana mwangavu sawa na ukuta wa nje, nakshi zinalala, kwa sababu ni kivuli ndicho kinachozichonga kwenye picha. Acha mifereji ya nakshi kwenye asilimia 4 hadi 10. Sheria ya kukagua ni nyepesi: kilicho kivulini kisikizidi mwangaza kilicho juani. Ukiona chini ya baraza kunang'aa kuliko barabara, rudisha kitelezi cha vivuli nusu, kisha itazame tena nakala isiyo na rangi.

Kwa picha za jioni na usiku, kagua madirisha yenye taa. Yakiwa mabaka meupe yasiyo na fremu, punguza mwanga mkali sehemu hiyo tu. Yakikataa, faili halina taarifa hizo, na safari nyingine piga mapema kidogo. Kwetu mwanga wa jioni huondoka haraka: dakika 20 hadi 25 baada ya jua kuzama giza limeshaingia.

Rangi

Tafuta kitu ambacho hakina rangi: mstari mweupe wa barabarani, lami kavu, saruji. Soma thamani zake tatu za nyekundu, kijani na buluu. Mchana wa kawaida zikitofautiana zaidi ya 8 au 10 kati ya 255, picha nzima imevuta rangi moja. Saa ya dhahabu zinaruhusiwa kutofautiana, lakini kile kilicho kivulini kiegemee buluu. Kivuli chenye umanjano sawa na mahali palipo juani kinaonyesha kwamba umanjano ulimwagwa juu ya picha nzima.

Halafu rangi ya jengo lenyewe, ambayo ndiyo itakayohukumiwa. Chukua sehemu ya KICC isiyo juani moja kwa moja, uilinganishe na picha tatu au nne za watu tofauti zilizopigwa saa tofauti. Yako ikikaa nje ya zote, irudishe. Vitelezi vya nyekundu na chungwa huathiri paa za vigae, lipu, udongo na ngozi za watu kwa pamoja, kwa hiyo ukiona wapita njia wamekuwa wekundu, umeshapata sababu. Majani ya kijani kinachowaka na anga lililogeuka kilindi cha bahari ni dalili za ugonjwa uleule. Kwenye anga, soma thamani ya nyekundu: ikifika 0, sehemu hiyo imepoteza taarifa, na ikichapishwa itakuwa bango la buluu lisilo na kina.

Kuna jaribio moja ambalo hushinda maneno mengi. Weka picha uliyoihariri juu ya nakala ya kwanza kama matabaka mawili, kisha punguza uzito (opacity) wa tabaka la juu hadi asilimia 70. Ukiona imependeza zaidi, hariri ilizidi. Shuka hadi 50. Mahali unapoanza kusema "sasa imepauka" ndipo ulipopita kipimo cha chini. Kaa juu yake kidogo. Kwa watumiaji wa programu ya simu ya Snapseed, jihadharini hasa na kichujio cha HDR Scape. Kinapendeza kwa sekunde tatu, kisha jengo linageuka katuni na anga linaota moshi.

Tembea kwenye kingo

Sasa ndiyo wakati wa kukuza. Weka asilimia 100, anza kona ya kushoto, fuata mstari wa paa dhidi ya anga mpaka mwisho wa kulia. Mahali pa shaka kuza 200. Unatafuta mambo manne.

La kwanza ni mstari mweupe au wa kijivu angavu unaofuata paa. Ukiwa mwembamba, pikseli 1 hadi 3, chanzo ni kunoa picha kwa nusu kipenyo (Radius) kikubwa. Ukiwa mpana kama ukungu wa pikseli 20 au zaidi, chanzo ni ung'avu (Clarity), kuondoa utusitusi (Dehaze), au kubana mwanga mkali na vivuli kwa pamoja. Dawa ni tofauti: wa kwanza rudisha nusu kipenyo hadi 0.8 au 1.0, wa pili ondoa marekebisho hayo kwenye anga, yabaki kwenye jengo peke yake, na ulainishe ukingo wa maski, yaani eneo uliloliteua lihaririwe.

La pili ni minazi, nyaya na antena. Kati ya makuti hubaki vipande vya anga la zamani, vyeupe mahali ambapo anga jipya ni la buluu iliyoiva. Waya unaokatika katikati ya anga na kuanza tena mita mbili mbele ni ishara kwamba maski iliula. Hapa usihangaike na brashi saa nzima. Ikiwa mti una vipande zaidi ya kumi vya namna hiyo, anga la asili lilikuwa chaguo bora.

La tatu ni uzi wa zambarau au kijani kwenye kingo zenye weusi na weupe, hasa kwenye pembe za fremu. Kasoro ni ya lenzi. Washa marekebisho ya lenzi na uondoaji wa uzi wa rangi, kisha angalia kama haujafuta zambarau halali, kama maua ya jakaranda ya Nairobi mwezi Oktoba.

La nne ni ngozi ya ukuta. Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe, na uso wake umejaa vishimo. Kisafisha chenga kikali huvifuta na kuacha plastiki ya rangi ya maziwa. Kata kipande cha pikseli 300 kwa 300 kwenye ukuta, kwenye nakala zote mbili, uvilinganishe. Vishimo vikipotea, punguza usafishaji kwa nusu na uuelekeze kwenye anga, ambako chenga ndiko zinakoonekana. Kwa kunoa, kiasi cha 40 hadi 60 kinatosha kwenye Lightroom. Shika Alt ukivuta kitelezi cha maski mpaka anga liwe jeusi tupu. Kilicho cheusi hakinolewi.

Faili unayoituma

Wengi hukagua faili ya kuhariri na kutuma nyingine. Toa JPEG kwanza, uifungue yenyewe, ukague hiyo. Kwa mtandao: nafasi ya rangi ya sRGB, upande mrefu pikseli 2048, ubora 80 hadi 85. Kwa Instagram ya wima, 1080 kwa 1350. Ukisahau sRGB, rangi hupauka kwenye simu za watu na utalaumu skrini zao.

Angalia anga tena. Ngazi za rangi, yaani mistari mipana mahali pa mpito laini wa buluu, mara nyingi huonekana baada ya kubana faili tu. Hariri kwa kina cha rangi cha biti 16, toa biti 8 mwishoni kabisa, na kama mistari bado ipo ongeza chenga kidogo sana kwenye anga. Huivunja mistari bila mtu kugundua. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo mteja atahukumu picha iliyobanwa na programu.

Kisha ifungue kwenye simu, nje, mchana kweupe. Jengo likizama gizani lote, ongeza mwanga kwa robo stopu (kipimo cha mwanga cha kamera) hadi theluthi. Ndivyo wengi watakavyoiona.

Kwa kuchapisha, A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, na A3 inahitaji 3508 kwa 4961. Karatasi haina taa nyuma yake, kwa hiyo chapisha kwanza kipande chenye upana wa sentimita 5 kinachopita angani, ukutani na kivulini, ukitazame kwenye mwanga wa dirishani. Kipande hicho ni nafuu kuliko A3 nzima iliyotoka nyeusi.

Uamuzi

Kila picha ipewe alama moja kati ya tatu: itoke, irudi, au ifutwe. Kosa la mahali au la saa (jua lisilo na upande, vivuli vya mchana chini ya machweo) linaifuta hariri nzima. Anza upya kutoka faili ghafi (RAW) iliyotoka kwenye kamera. Kosa la mistari, mwanga au rangi linairudisha. Kasoro za kingo hurekebishwa palepale, isipokuwa picha ni ya ukurasa mdogo wa mtandaoni na kasoro haionekani kwenye pikseli 2048. Hapo iache iende, una kazi nyingine.

Ikiwa ni mfululizo wa picha za mji mmoja, ziweke tisa kwenye gridi moja. Jengo lile lile lisiwe la udongo kwenye picha ya pili na la waridi kwenye ya sita, na anga la asubuhi moja lisiwe na buluu tatu. Chagua iliyo bora, iache wazi kando ya skrini, na urekebishe nyingine ukiitazama hiyo. Kila uliyoipitisha ihifadhi na jina lenye mahali, tarehe na toleo, kwa mfano forodhani_2024-07-14_h3, na faili ghafi yake ikae folda moja nayo, kwa sababu mhariri wa gazeti au msimamizi wa shindano anaweza kuidai.